Meno Mawili Ndani ya Bonge la Udongo: Mwongozo kwa Kijana wa Nairobi Anayetaka Kuwa Mwanaakiolojia

Mwaka 2017, bonge la udongo lililovikwa plasta lilisafirishwa kutoka pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, hadi Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Ndani yake mlikuwa na mifupa iliyolika kiasi kwamba ingeshikwa kule shimoni ingegeuka unga. Kwa hiyo wachimbaji hawakuitoa. Walikata udongo wote ulioizunguka, wakaufunga plasta jinsi mguu uliovunjika unavyofungwa hospitalini, wakauleta mjini mzima mzima. Walipoanza kuupekua taratibu maabarani, yalijitokeza meno mawili, na hapo ndipo waliposhuku kwamba mifupa ile ni ya mtu.

Ilikuwa ya mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa ubavu na magoti yake yakakunjwa, miaka kama 78,000 iliyopita. Bonge lile lilipelekwa Hispania kwa uchunguzi zaidi, na mwezi wa Mei 2021 habari ikatangazwa: hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa kisasa lililopata kujulikana Afrika. Walimpa jina la Kiswahili, Mtoto. Dalili za kwanza za mifupa hiyo zilikuwa zimeonekana mwaka 2013. Hesabu mwenyewe. Miaka minane kwa kaburi moja.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, yupo kijana Kangemi au Lavington anayemwambia mzazi wake kwamba anataka kusomea akiolojia, na mzazi anamuuliza, "Sasa hapo utakula nini?" Swali hilo ni la haki na nitalijibu. Lakini kabla ya riziki, kijana na mzazi wake wanastahili kujua kazi yenyewe ni ya namna gani, maana wengi huingia wakiwa na picha waliyoipata kwenye sinema.

Kinachotafutwa hasa

Mwanaakiolojia husoma maisha ya watu wa kale kupitia walivyoviacha: vigae vya vyungu, shanga, mavi ya chuma, mifupa ya ng'ombe na samaki, misingi ya nyumba, jaa la takataka. Mifupa ya dinosaria si kazi yake. Hiyo ina wataalamu wake. Dhahabu si shabaha yake pia. Anachokithamini kuliko vyote ni mahali kitu kilipolala. Kigae cha bakuli la China kikiwa kabatini kwa mtu ni pambo. Kigae hichohicho kikiwa bado kimelala juu ya sakafu, chini ya tabaka la majivu, kinaweza kutuambia nyumba ilikaliwa lini, wenyewe walifanya biashara na nani, na ni wakati gani moto uliiteketeza. Ukikiinua bila kuandika kilikokuwa, maelezo hayo yamekufa na hakuna fundi wa kuyafufua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kisiwani Pate, kwenye magofu ya Shanga. Kuanzia mwaka 1980, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba chini ya msikiti wa mawe wa mji huo. Chini yake wakakuta mabaki ya msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, hadi wakafikia misikiti midogo ya miti, ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8. Miti yenyewe ilikwisha kuoza zamani. Kilichobaki ni mashimo ya nguzo, yaani madoa ya mviringo ya udongo wenye rangi tofauti na ule wa pembeni. Mtu mwenye jembe na haraka angepita juu ya msikiti huo na asijue. Kaburi la Mtoto nalo lilitambuliwa kwa njia kama hiyo: udongo wa ndani ya shimo haukufanana na ule uliolizunguka, na hivyo ikajulikana kuwa shimo lilichimbwa na watu kwa makusudi.

Ndiyo maana vifaa vya kazi hii ni vya upole: mwiko mdogo wa mwashi, brashi, kamba na vigingi, futi ya kupimia, chekeche, mifuko yenye lebo, daftari. Eneo hugawanywa kwa miraba, udongo ukaondolewa tabaka kwa tabaka, na kila unaoondolewa hupitishwa kwenye chekeche ili shanga ndogo kama punje ya mtama isipotee. Kila tabaka hupigwa picha na kuchorwa. Kipande cha mkaa huwekwa kando kwa uangalifu, kwa kuwa kikipimwa kaboni kitatoa umri; kipimo hicho hufika miaka kama 50,000 nyuma, na kupita hapo hutumiwa njia nyingine, kama vile kupima majivu ya volkano katika Bonde la Ufa. Wiki sita za jua huzaa miezi mingi ya mezani: kuosha vigae, kuhesabu, kupima, kulinganisha, kuandika ripoti. Kijana asiyependa kuandika atateseka katika kazi hii kuliko yule asiyependa jua.

Waliotangulia

Kwa muda mrefu habari za miji yetu ya kale ziliandikwa na wageni, na wageni waliona walichotarajia kuona. Mmoja wao, James Kirkman, alianza kuchimba magofu ya Gedi, pwani, mwaka 1948. Alifanya kazi kubwa na ya makini, lakini kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita Gedi, katika jina lake, mji wa Waarabu. Fikra hiyo ilienea: kwamba misikiti, nyumba za mawe ya matumbawe na makaburi ya minara vililetwa na watu wa ng'ambo, na wenyeji walikuwa watazamaji tu.

Fikra hiyo ilitikiswa na vigae. Katika matabaka ya chini kabisa ya miji kama Shanga, vyungu vilivyotawala ni vya kienyeji, vya mtindo uleule unaopatikana bara na kando ya Mto Tana. Miongoni mwa waliofuatilia jambo hilo ni George Abungu, Mkenya aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge kwa utafiti wa jamii za Mto Tana na uhusiano wao na delta. Aliongoza akiolojia ya pwani katika Makumbusho ya Taifa, kisha akawa Mkurugenzi Mkuu wa taasisi hiyo kuanzia 1999 hadi 2002, na baadaye akageukia ushauri wa kitaalamu kuhusu turathi. Chapurukha Kusimba naye alitoka Kenya akaenda kusomea na kufundisha Marekani, akawa mtunzaji katika jumba la Field Museum la Chicago, na mwaka 1999 akachapisha kitabu kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola za Waswahili.

Na kwa kuwa elimu hii haina mwisho, mwaka 2023 Kusimba na watafiti wengine walitoa matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na bara zamani. Waligundua kwamba watu wengi wa miji hiyo walikuwa na asili mbili: ya Kiafrika, iliyotoka zaidi kwa akina mama, na ya Asia, hasa Uajemi, iliyotoka kwa akina baba, na kwamba kuchanganyika huko kulianza kushika kasi karibu mwaka 1000. Kumbe masimulizi ya wazee kuhusu Washirazi, yaani mababu waliotoka Uajemi, yalikuwa na chembe ya kweli, na hoja kwamba miji ilikuwa ya wenyeji nayo ilikuwa na ukweli wake. Mwanaakiolojia mzuri ni yule anayeweza kuisoma habari kama hiyo, akarudi kwenye maandishi yake ya zamani, akayarekebisha.

Yupo mwingine ambaye hakupitia chuo kikuu. Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani, aliajiriwa na familia ya watafiti ya Leakey kama mchimbaji wa kawaida, akajifunza kwa macho na mikono. Mwaka 1984 aliona kipande kidogo cha fuvu karibu na Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, chenye rangi karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Kilikuwa mwanzo wa mifupa ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Jina la Kamoya limepewa hata mnyama wa kale, Kamoyapithecus. Alifariki mwaka 2022. Namtaja si kwa kumwambia kijana asisome. Leo mlango huo ni mwembamba sana. Namtaja kwa sababu kila timu inayochimba nchini inategemea wenyeji wenye jicho kama lake, na mhitimu anayewadharau hafiki mbali. Zana za mawe za Lomekwi, zenye miaka milioni 3.3, zilizotangazwa mwaka 2015, zilipatikana kwa msaada wa Sammy Lokorodi, Mturkana wa eneo hilo.

Wasichana wamtazame Purity Kiura, aliyeongoza akiolojia katika Makumbusho ya Taifa na kisha kurugenzi ya mambo ya kale. Wanaopenda bahari wamtazame Caesar Bita, anayechunguza meli zilizozama pwani yetu, ikiwemo ile ya Ngomeni karibu na Malindi.

Njia ya masomo

Ukiwa bado shuleni, usidhani Historia pekee inatosha. Jiografia itakufundisha ramani na udongo. Kemia na Bayolojia zitakuokoa siku utakapoambiwa ueleze matokeo ya kaboni au utambue mfupa wa mbuzi na wa kondoo. Hisabati utaikuta kwenye kila jedwali. Kiswahili na Kiingereza utaviandikia ripoti. Na kama una lugha ya nyumbani, ishike sana: mzee wa Pokomo au Dasanech hamwambii mgeni yote anayoyajua kupitia mkalimani.

Kiwango cha chini cha kujiunga na shahada nchini ni wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne (KCSE), na maombi ya nafasi hupitia KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta vyote vimefundisha akiolojia kwa miaka mingi, pamoja na historia. Kabla ya kujaza fomu, soma orodha ya kozi ya mwaka huo, kwa sababu majina ya idara na programu hubadilika. Nenda ukaonane na mhadhiri ana kwa ana, umuulize jambo moja: wanafunzi wenu huchimba lini na wapi? Shahada ya akiolojia isiyo na wiki za shambani ni kama mafunzo ya udereva yasiyo na gari.

Shule za shambani zipo. Ile ya Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, imeendeshwa na Makumbusho ya Taifa pamoja na vyuo vya Marekani kwa miongo kadhaa. Taasisi ya Bonde la Turkana, iliyoanzishwa na Richard Leakey pamoja na Chuo Kikuu cha Stony Brook, nayo hupokea wanafunzi. Gharama kwa wageni ni kubwa, lakini mara nyingi hutengwa nafasi za Wakenya. Omba mapema, omba kwa maandishi, na usione haya kuomba tena mwaka unaofuata. Pia jitolee. Kazi ya kuosha vigae na kuandika lebo inadharauliwa na wengi, lakini aliyeshika vigae elfu tano hutambua aina ya chungu kwa kukigusa ukingo.

Shahada ya kwanza haifungui milango yote. Kuongoza uchimbaji kwa kawaida huhitaji uzamili, na kufundisha chuoni huhitaji uzamivu. Mzazi ahesabu miaka kumi tangu kidato cha nne, na asishangae ikizidi.

Jiji lenyewe ni darasa

Kijana wa Nairobi ana bahati ambayo hata kijana wa Malindi hana: vitu vingi vilivyochimbwa nchini, pamoja na maandishi yake, vimehifadhiwa jijini. Anzia Moi Avenue, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, katika jengo lililokuwa benki zamani. Ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 na aliyekusanya sanaa za Afrika maisha yake yote. Juu kuna chumba cha kusomea. Jifunze kuomba faili na kuandika rejea yake. Ni zoezi lilelile la kuandika kitu kilipotoka.

Kutoka hapo unaweza kutembea hadi Museum Hill. Makumbusho hayo yalifunguliwa pale mwaka 1930 yakiitwa Coryndon, na Louis Leakey alikuwa msimamizi wake kwa miaka mingi. Raia hulipa ada nafuu kuliko wageni. Usiyapite mbio kama safari ya shule. Kaa nusu saa mbele ya mifupa ya Mvulana wa Turkana, ujaribu kuichora. Mchoro ukiwa mbaya haidhuru, jicho ndilo linalofunzwa.

Siku nyingine panda matatu ya kwenda Kileleshwa. Kwenye Barabara ya Laikipia iko Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1960, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza, Neville Chittick, alichimba Kilwa na Manda. Jarida lake la Azania limetoka tangu 1966, na kwenye maktaba yake kuna ripoti za uchimbaji usizozipata kwingine. Taasisi ya Ufaransa ya utafiti nayo iko mtaa huohuo. Zote mbili huwa na mihadhara ya wazi ambapo mwanafunzi anaweza kukaa kiti kimoja na mtu aliyemsoma vitabuni. Ukifika, jitambulishe kwa adabu, eleza unachosoma, na uje na swali ulilolifikiria.

Na ukiwa na nauli ya siku moja, chukua barabara ya Magadi kupitia Kiserian hadi Olorgesailie, kilomita kama 65 kutoka mjini. Mwaka 1942 Mary na Louis Leakey walikuta hapo maelfu ya shoka za mawe. Nyingi ziliachwa zilipo, na wageni huzitazama kutoka kwenye daraja la mbao lililojengwa juu yake. Ukisimama pale utaelewa neno hili la mahali kuliko nitakavyoweza kulieleza.

Riziki

Nitasema wazi: ajira za kudumu zenye cheo cha mwanaakiolojia ni chache. Mwajiri mkubwa ni Makumbusho ya Taifa, halafu vyuo vikuu. Lakini Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la makumbusho na shughuli za utamaduni, na kaunti nyingi bado hazina mtu anayejua kuandaa orodha ya maeneo yake ya kale. Miradi mikubwa ya barabara, reli na mabomba inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na turathi huwa sehemu ya tathmini hiyo, hivyo washauri hupata kazi za miezi kadhaa kwa mkataba. Gedi kuingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, baada ya Lamu, Fort Jesus, Kaya za Wamijikenda na Thimlich Ohinga, kumeongeza haja ya watu wa uhifadhi na waongoza wageni wenye elimu ya kweli.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana ni aongeze ujuzi mmoja unaouzika nje ya shimo: ramani za kompyuta, upigaji picha kwa droni, uhifadhi wa majengo ya mawe, kuzamia, au kufundisha. Na ushauri wangu kwa mzazi ni kwamba asimkatishe tamaa mtoto mwenye subira, ila amuulize ujuzi huo wa pili ni upi.

Sheria, na kitu ulichokikuta kwenye ploti

Hakuna anayeruhusiwa kuchimba kwa hiari yake, hata mwenye shahada tatu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inadai leseni ya waziri kwa utafutaji wa mambo ya kale, na utafiti wowote unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambayo ofisi zake ziko Kabete ya Juu, kando ya Waiyaki Way. Mambo ya kale yaliyomo ardhini ni mali ya serikali, ardhi iwe ya nani. Kuyauza au kuyatoa nchini bila kibali ni kosa.

Sehemu hii inamhusu pia mwananchi asiye na haja ya kuwa mtaalamu. Kileleshwa na Lavington nyumba za zamani zinabomolewa na misingi ya maghorofa inashuka mita nyingi chini. Ukikuta mawe yaliyochongwa, vigae, au mifupa ya ajabu, sheria inakupa siku saba kuwaarifu Makumbusho ya Taifa na kueleza mahali hasa na namna kilivyopatikana. Ikiwa ni mifupa inayofanana na ya binadamu, piga simu polisi kwanza, kwa sababu huenda si ya kale hata kidogo.

Kama kitu bado kiko ardhini, kiache. Mwombe fundi ahamishie tingatinga upande mwingine wa ploti kwa siku chache, ufunike mahali hapo kwa turubai mvua isipaharibu. Piga picha ukiweka kalamu au sarafu kando ili ukubwa uonekane, kisha piga nyingine kwa mbali ikionyesha shimo lote na ukuta wa jirani. Kama kimekwisha kutolewa, usikioshe. Kitie katika mfuko wa karatasi pamoja na udongo wake, ukakipeleke Museum Hill. Kisha andika, ungali unakumbuka: tarehe, kina cha shimo kwa mita, rangi ya udongo wa juu na wa chini, kitu kilikuwa kimelala upande gani, na nani aliyekiona kwanza.